Besi Haipigwi kwa Majina ya Bidhaa

Kumezuka desturi mbaya miongoni mwa wale waliojitwika kazi ya kuwafundisha vijana wetu muziki katika vyama vya shule, katika kwaya za makanisa na katika bendi za mitaani. Kijana anapokuja na kusema kwamba anataka kujifunza gitaa la besi, somo lake la kwanza huwa ni orodha ya bidhaa. Huambiwa kwamba gitaa la kampuni fulani ndilo gitaa, nyuzi za kampuni fulani ndizo nyuzi, na kwamba bila amplifaya ya jina fulani hatasikika milele. Kijana huyakariri majina hayo, hurudi nyumbani akamsumbua baba yake au mjomba wake, na baada ya miezi sita anaweza kukutajia makampuni kumi ya Marekani na Japani, ilhali hawezi kuuzima uzi mmoja anapouhamia mwingine.

Juu ya desturi hiyo umewekwa udhuru. Ukimwuliza mwalimu wa namna hiyo kwa nini somo lake lote limejaa Kiingereza, hata pale ambapo yeye na mwanafunzi wake wanazungumza Kiswahili sokoni na garini, atakujibu bila haya kwamba Kiswahili hakina maneno ya kufundishia besi.

Nasema, na nitajaribu kuthibitisha, kwamba makosa haya mawili ni kosa moja. Yeye aliyeanza na majina ya dukani lazima aone kwamba Kiswahili kimepungukiwa, kwa kuwa majina ya dukani yamekuja pamoja na bidhaa kutoka zilikotengenezwa. Lakini besi haipigwi kwa majina. Hupigwa kwa vidole, na kazi ya vidole huelezwa kwa vitenzi. Hapo Kiswahili hakikupungukiwa hata kidogo. Mwalimu angeanza na kazi ya mkono, angeipata lugha ikimngoja mlangoni.

HASARA ILIYOPO

Huenda msomaji akauliza: jambo hili linatuhusu nini sisi walimu wa Kiswahili? Linatuhusu kwa sababu mbili.

Sababu ya kwanza ni lugha yenyewe. Hapa Uganda Katiba ilirekebishwa mwaka 2005, na Kiswahili kikatajwa kuwa lugha rasmi ya pili. Mwaka 2021 UNESCO iliitenga tarehe 7 Julai kuwa Siku ya Kiswahili Duniani. Siku hiyo ikifika tunapanga viti, tunatoa hotuba, na wapiga ala hutumbuiza kwa nyimbo za Kiswahili. Lakini nenda nyuma ya jukwaa ukawasikilize wapiga ala hao hao wakielekezana namna ya kushika na kuachia. Kiswahili kimebaki katika vinywa vya waimbaji. Katika mikono ya wapigaji hakimo. Lugha inayoimba tu, isiyofundisha kazi, ni lugha ya sherehe. Na lugha ya sherehe hukunjwa pamoja na vitambaa vya meza sherehe ikiisha.

Sababu ya pili ni mali za wazazi na mioyo ya watoto. Naijua shule moja, ambayo sitaitaja, iliyochangisha fedha na kununua gitaa la besi la bei kubwa kwa ajili ya jina lake. Fedha zikaishia hapo. Amplifaya ya besi haikununuliwa; gitaa likachomekwa kwenye spika ndogo iliyotengenezwa kwa gitaa la kawaida, na baada ya majuma machache karatasi ya spika ikapasuka. Nyuzi za akiba hazikuwapo. Uzi mmoja ulipokatika, ukafungwa uzi wa gitaa la kawaida, ambao hauwezi kutoa sauti ile hata ukiombwa. Wala hakuajiriwa mtu wa kufundisha. Leo gitaa hilo limo stoo likikusanya vumbi, na wanafunzi waliotaka kulijifunza wamekwisha maliza shule. Wale watoto hawakukosa jina zuri kichwani mwa gitaa. Walikosa mtu wa kuwaambia: weka kidole hapa, bana, donoa, achia.

BESI NI KITU GANI

Kabla ya kuendelea, hapana budi tukielewe chombo chenyewe. Kabla ya gitaa la besi kulikuwa na kontrabasi, ile ala kubwa yenye umbo la fidla ambayo mpigaji huisimamisha kando yake. Vikundi vya taarabu vya Unguja vinaitumia mpaka leo. Shingo ya kontrabasi haina vigawanyo. Mpigaji huitafuta sauti kwa sikio na kwa mazoea ya mkono. Mwaka 1951 Leo Fender wa California alitoa gitaa la besi la umeme lenye freti, yaani vile vyuma vyembamba vinavyolala kukingama shingo. Aliliita Precision, neno lenye maana ya usahihi, kwa kuwa mpigaji akibana nyuma ya freti hupata sauti iliyo sahihi bila kubahatisha.

Gitaa hilo lina nyuzi nne, na urefu wa uzi kati ya vitegemeo vyake viwili ni takriban sentimita 86. Uzi ulio mnene kuliko wote huitwa E, nao hutetemeka mara 41 hivi kwa sekunde. Unaofuata ni A, mara 55. Kisha D, mara 73. Kisha G, mara 98. Uzi mnene wa gitaa la kawaida hutetemeka mara 82, yaani maradufu ya ule wa besi. Ukibana uzi wowote kwenye freti ya 5, utapata sauti ile ile ya uzi wa jirani ulio mwembamba zaidi ukiwa wazi. Hiyo ndiyo njia nyepesi ya kulinganisha nyuzi, na haihitaji kifaa chochote cha kununua.

Ala hiyo ilienea haraka katika bendi za dansi za Afrika. Wanamuziki wa Kongo waliivusha mipaka. Samba Mapangala, kwa mfano, alipitia Kampala katika miaka ya 1970 kabla ya kuhamia Nairobi. Katika bendi za namna hiyo walikutana Wakongo, Wakenya, Waganda na Watanzania, na besi ikafundishwa kwa mkono na kwa lugha yoyote iliyowaunganisha, Lingala na Kiswahili zikiwamo. Basi anayesema leo kwamba kazi hii haisemeki kwa Kiswahili anazungumza kama kwamba watu hao hawakuwahi kuwapo.

VITENZI VYA MKONO WA KULIA

Tuanze na kudonoa. Kuku hudonoa punje moja moja. Ndivyo kidole kifanyavyo juu ya uzi wa besi. Kidole cha shahada na cha kati hupokezana. Kimoja kinapodonoa, cha pili hujiweka tayari, na kila kimoja kikishamaliza kazi hutua juu ya uzi wa jirani ulio mnene zaidi. Kutua huko si madoido, bali ndiko kunakoufanya uzi huo wa jirani ukae kimya. Gumba hutulia juu ya kasha la sumaku, au juu ya uzi wa E wakati hautumiki.

Mahali pa kudonoa pia ni somo. Mkono ukikaribia shingo, sauti huwa nene na ya mviringo. Ukisogea nyuma, karibu na kitegemeo cha nyuzi, sauti hukaza na kuwa wazi. Mwanafunzi afanyishwe mazoezi ya kusogeza mkono polepole kutoka mahali pamoja hadi pengine, huku akisikiliza. Akimaliza, atakuwa amepata sauti tatu au nne katika gitaa lile lile ambalo jana alidhani limepitwa na wakati.

Hapa nawataka wapenzi wa bidhaa wamfikirie James Jamerson, aliyepiga besi katika studio za Motown mjini Detroit, na aliyefariki mwaka 1983. Mtu huyo alidonoa kwa kidole cha shahada peke yake. Nyuzi zake zilikuwa nene na nzito, na hakuwa na desturi ya kuzibadilisha. Kwa kipimo cha maduka yetu, alikuwa na kidole kimoja na nyuzi kuukuu. Kwa kipimo cha muziki, wapigaji wa dunia nzima wamemfuata. Nani basi ataniambia kwamba kijana wa Mbale au wa Gulu hawezi kuanza mpaka apate nyuzi mpya za jina fulani?

Wapo wasiotumia kidole bali kipande kidogo cha plastiki. Wapigaji wa udi wana risha yao, na kazi ni ya ukoo mmoja. Carol Kaye, mwanamke aliyepiga besi katika studio nyingi za Los Angeles katika miaka ya 1960, alitumia njia hiyo, na sauti yake ilikuwa kavu na ya kueleweka. Magazeti hupenda kuandika kwamba fulani anacharaza besi. Kwangu mimi, kucharaza ni kuupitisha mkono juu ya nyuzi kadhaa kwa mpigo mmoja, kazi ambayo hasa ni ya gitaa la ridhimu. Mpigaji wa besi, awe na kipande cha plastiki au kidole, kwa kawaida hutoa nota moja moja. Mwalimu atakayewafafanulia wanafunzi tofauti ya kucharaza na kudonoa atakuwa amefundisha lugha na muziki kwa wakati mmoja.

Kisha kuna kugonga na kuchopoa. Larry Graham wa Marekani alipiga pamoja na mama yake, aliyekuwa mpiga piano, nao hawakuwa na mpiga ngoma. Ili kuliziba pengo hilo, Graham aliugonga uzi mnene kwa ubavu wa gumba, ukalia kama ngoma kubwa, na akauchopoa uzi mwembamba kwa kidole mpaka ukarudi na kuyapiga mafreti, ukalia kama ngoma ndogo. Mtindo huo ukasambaa kila mahali. Mtazame vizuri: hakuutoa dukani. Aliutoa katika upungufu wa bendi ya mama yake.

Miongoni mwa wapigaji wa rumba ya Kongo wapo wanaotumia gumba na kidole cha shahada kwa zamu, gumba likisukuma kwenda chini na kidole kikivuta kwenda juu. Kusukuma na kuvuta: vitenzi viwili ambavyo hata mtoto wa darasa la kwanza anavijua.

VITENZI VYA MKONO WA KUSHOTO

Mkono wa kushoto una kazi nne: kubana, kuachia, kuzima na kutelezesha.

Kubana hufanywa karibu kabisa na freti, upande wa kichwa cha gitaa, wala si katikati ya nafasi mbili. Ukibana katikati utahitaji nguvu nyingi, na uzi utakwaruza. Ukibana karibu na freti, nguvu ndogo yatosha. Gumba likae nyuma ya shingo likiwa limelegea, lisiikabe shingo kama mtu ashikaye jembe.

Hapa kuna kosa ambalo limewaumiza watoto wengi. Mwalimu hufungua kitabu, akasoma kwamba kila freti ipewe kidole chake, akamlazimisha mtoto wa miaka 12 kufanya hivyo kuanzia mwanzo wa shingo. Na apime kwanza! Katika gitaa lenye uzi wa sentimita 86, kutoka freti ya 1 hadi ya 4 ni takriban sentimita 13. Kutoka freti ya 9 hadi ya 12 ni sentimita 8 na kidogo. Kilicho chepesi kule juu ni mateso huku chini. Wapigaji wa kontrabasi walikwisha litatua jambo hili zamani: karibu na kichwa cha ala hutumia kidole cha kwanza, cha pili na cha nne, kile cha tatu kikimsaidia mwenzake wa nne kubana. Mtoto afundishwe hivyo, na atakapopanda juu ya shingo ndipo apewe ile kanuni ya kila kidole na freti yake. Yapo pia magitaa ya besi mafupi, yenye uzi wa sentimita 76 hivi, yanayofaa mikono midogo.

Kuachia si kuinua kidole. Kidole kikiinuliwa ghafla, uzi hulia tena wenyewe. Kuachia ni kulegeza tu, kidole kikiwa bado kinaugusa uzi, nao ukanyamaza. Na hapo tumefika kwenye kuzima, kazi ambayo wauza bidhaa hawaitaji kabisa kwa kuwa hakuna kifaa kinachouzwa badala yake. Sauti nzito hudumu. Mpigaji asipoizima, nota ya jana inaingia katika nota ya leo, na kwaya nzima huonekana kama imezama majini. Waimbaji hulaumiwa kuwa hawasikiki, mpiga ngoma hulaumiwa kuwa amechelewa, na kumbe mwenye makosa ni uzi mmoja ulioachwa ukilia bila mwenyewe.

Kutelezesha ni kukisogeza kidole juu ya uzi bila kuacha kubana, sauti ikapanda au kushuka kama mtu anayevuta neno. Anayetaka kusikia kazi hiyo katika ukamilifu wake amsikilize Bakithi Kumalo wa Soweto katika albamu ya Graceland ya mwaka 1986, ambamo Paul Simon aliimba pamoja na wanamuziki wa Afrika Kusini. Kumalo alipiga besi isiyo na freti. Kidole chake kilipaswa kufika pale pale freti ingekuwapo, au sauti ingeharibika mbele ya ulimwengu wote.

NYUZI NA VYOMBO

Sidharau vyombo. Ninachokataa ni kuvitanguliza mbele ya kazi. Mwanafunzi akishavijua vitenzi vyake, atachagua vyombo kwa akili, maana atajua anataka vimfanyie nini. Maswali ya kuuliza ni machache.

Kwanza, urefu. Uzi wa besi lazima ulingane na gitaa lake. Uzi wa gitaa fupi hautafika katika gitaa refu, na ule wa gitaa la kawaida usifungwe kabisa katika besi.

Pili, unene. Seti inayotumiwa na wengi ina unene wa sehemu 45, 65, 85 na 105 za elfu za inchi. Yaani uzi mwembamba una milimita 1.1 hivi na ule mnene milimita 2.7. Nyuzi nyembamba zaidi ni laini kwa kidole kichanga. Nyuzi nene zaidi huivuta shingo kwa nguvu, na huenda ikapinda mbele. Ndani ya magitaa mengi mna ufito wa chuma wa kuirudisha, lakini asiguse mtu asiyejua.

Tatu, gamba la uzi. Uzi wa besi ni waya wa ndani uliozungushiwa waya mwingine. Waya wa nje ukiwa wa mviringo, uzi hukwaruza kidole, na sauti yake hung'aa. Nyuzi hizo zilipata umaarufu katikati ya miaka ya 1960, hasa kwa mkono wa John Entwistle wa kundi la The Who nchini Uingereza. Waya wa nje ukiwa bapa, uzi huwa laini kama kioo, sauti huwa nene na fupi, na freti hazilikwi upesi. Nyuzi bapa hugharimu zaidi dukani lakini hudumu miaka. Kwa kwaya na kwa bendi ya shule, ambako fedha ya nyuzi hupatikana mara moja na kwa shida, naziona kuwa uchaguzi wa busara. Anayetaka kugonga na kuchopoa atapenda zile za mviringo. Tazama jinsi kitenzi kinavyochagua bidhaa, na si bidhaa kuchagua kitenzi.

Nne, utunzaji. Jasho na vumbi ndivyo vinavyoua nyuzi. Kitambaa kikavu baada ya kila zoezi huziongezea uhai mwingi. Nyuzi za mviringo zilizofifia zinaweza kuchemshwa katika maji kwa dakika chache, zikakaushwa vizuri na kurudishwa. Mng'ao wake hurudi kwa muda, na wanamuziki wasio na fedha wamefanya hivyo miaka mingi. Unapofunga uzi mpya, ukunje kwanza kwenye kigingi ndipo uukate, ili gamba lake lisifunguke.

Kuhusu amplifaya, sikio la binadamu husikia sauti nzito kwa shida kuliko sauti za kati. Kwa hiyo besi huhitaji nguvu nyingi zaidi kuliko gitaa jingine ili isikike sawa nalo. Wati 20 au 30 zatosha chumbani. Penye ngoma za bendi, hesabu wati 100 hadi 300, na spika ya inchi 10, 12 au 15 iliyotengenezwa kwa ajili ya besi. Ukiunganisha sambamba spika mbili za omu 8, umeipa amplifaya mzigo wa omu 4. Soma nyuma ya chombo kama inaruhusiwa. Waya wa gitaa usitumiwe kuunganisha spika, kwa kuwa ni mwembamba na waweza kupata moto. Na ule waya wa ardhi katika plagi usikatwe kamwe, kwani mpigaji ameshika vyuma kwa mikono miwili.

Atakayenunua gitaa lililotumika, na wengi wetu ndilo tunaloweza, aangalie shingo kutoka mwisho mmoja kama fundi aangaliavyo ubao. Abane kila freti katika kila uzi na kusikiliza kama kuna mkwaruzo. Azungushe vitufe na kusikiliza kama vinachakacha. Kisha alinganishe nyuzi, apige kwa robo saa, na atazame kama vigingi vimeshika. Gitaa likifaulu mtihani huo, jina lililoandikwa kichwani halina la kuongeza.

JIBU KWA WAPINZANI

Mpinzani atasema: Wewe mwenyewe umeandika freti, amplifaya, spika na omu. Hayo si maneno ya kigeni?

Ni ya kigeni, nami siyaonei haya. Baiskeli ilikuja na breki, pedeli na cheni, tukayapokea. Lakini hakuna aliyesema kwamba hatuwezi kumfundisha mtoto baiskeli kwa Kiswahili. Kukanyaga, kukata kona, kushika breki, kuanguka na kuinuka, yote ni yetu. Jina la kitu huja na kitu; ukinunua kitu umelinunua na jina lake. Kazi ya mwili hainunuliwi.

Wala si kila jina la kigeni lipokewe kwa pupa. Zile sumaku zilizo chini ya nyuzi, zinazougeuza mtetemo kuwa umeme, vijana huziita pikapu. Kwa Mswahili pikapu ni gari la kubeba mizigo! Kuna ubaya gani tukisema sumaku za gitaa? Neno ni fupi, na linaeleza kazi yenyewe.

Wa pili atasema: Chombo kibovu humvunja moyo mwanafunzi. Kweli kabisa, na ndiyo maana nimeeleza namna ya kukikagua. Lakini kukagua ni jambo moja na kuabudu jina ni jambo jingine. Anayejua kukagua hatapunjwa hata na muuza jina kubwa.

Wa tatu atasema: Vitabu vyote vya besi vimeandikwa kwa Kiingereza. Nami namwuliza: na sisi tulioajiriwa kuandika na kufundisha Kiswahili tunangoja nani atuandikie?

KAZI YETU WALIMU

Sidai kwamba kila mwalimu wa Kiswahili ajifunze besi. Nadai jambo jepesi zaidi, ambalo kila mmoja wetu anaweza kulifanya muhula ujao.

Katika karibu kila shule yumo mwanafunzi anayepiga ala fulani. Aitwe mbele ya darasa pamoja na ala yake. Wenzake wamtazame mikono, kisha waandike kwa Kiswahili, hatua kwa hatua, kile anachokifanya, kwa namna ambayo mtu asiyemwona angeweza kukifuata. Watahangaika mwanzoni. Wataandika "anapiga" mara kumi. Hapo ndipo mwalimu awaulize: Anapiga vipi? Anagonga au anadonoa? Anabana au anagusa? Kidole kinatua wapi? Katika saa moja watakuwa wametumia vitenzi ambavyo insha za likizo hazijawahi kuwadai.

Na minyambuliko itafuata yenyewe. Uzi unalia, kidole kinauliza. Mwanafunzi atacheka kwanza, akidhani kidole kina swali. Mwalimu amwonyeshe kwamba hapa kitenzi ni liza, na kwamba u- ni uzi unaolizwa. Uzi unazimwa, unazimika, unazimiwa mahali pake. Kauli ya kutendesha na kauli ya kutendeka, ambazo tumezifundisha kwa majedwali ubaoni mpaka wanafunzi wakasinzia, zimo zote katika nyuzi nne.

Kisha maelezo bora ya wanafunzi yakusanywe, yasahihishwe na wapigaji wenyewe, na yaletwe katika taarifa hii ya chama chetu. Ikiwa kila shule italeta ukurasa mmoja juu ya ala moja, tutakuwa na kijitabu ambacho kwaya ya kijijini inaweza kukitumia.

Ndugu walimu, tumezoea kulalamika kwamba Kiswahili kinaonewa. Hakionewi na mtu mwingine pale tunapokiacha sisi wenyewe kwenye hotuba na kukinyima kazi. Mtoto anayetaka kupiga besi anakuja kwetu akiwa na vidole kumi na lugha. Tumfundishe kwa hivyo viwili kwanza. Orodha ya bidhaa ataipata dukani bure, siku atakapokuwa na fedha, na siku hiyo atakuwa anajua cha kuuliza.